Mlima ni wa Nani Siku ya Jumapili?



Husemwa mara nyingi katika mikutano ya matawi kwamba kazi ya chama ni mshahara, na mengine yote ni anasa. Ukitaja mapumziko, mtu husimama kule nyuma akauliza, "Mapumziko gani hayo, ndugu katibu, na tumbo tupu?" Ukitaja matembezi ya milimani ndiyo watu hucheka kabisa, maana kwetu anayepanda mlima bila mzigo ni mgeni mwenye kamera. Siwalaumu wanaocheka. Lakini nataka leo kueleza jinsi wafanyakazi wa viwanda wa Uingereza, watu wa nyuzi na vyuma kama wengi wetu, walivyoiona njia ya kwenda mlimani kuwa jambo la kupigania hata wakafungwa jela. Tena nataka kueleza kwa nini, hata baada ya sheria kuja upande wao, majira ya baridi bado huonyesha ni nani mwenye mlima na ni nani anayepita tu.

Nianze na mji wa Manchester. Sisi wa Uganda hatuna haki ya kusema mji huo hautuhusu. Mwaka 1902 wenye viwanda vya pamba vya huko waliunda chama chao cha kustawisha kilimo cha pamba katika makoloni, ili wasitegemee pamba ya Marekani peke yake. Miaka ya 1903 na 1904 mbegu zikaletwa na kugawiwa kwetu, na babu zetu wakaanza kulima zao ambalo hawakulila wala hawakulipangia bei. Upande mmja wa pamba alisimama babu na jembe, upande wa pili alisimama mtu wa Manchester mbele ya mashine, masikio yameziba kwa kelele na mapafu yamejaa vumbi. Tajiri alikuwa katikati, naye hakuwakutanisha.

Mtu huyo wa Manchester, na mwenzake wa Sheffield aliyefua vyuma, aliishi katika moshi. Jumamosi alifanya kazi mpaka adhuhuri. Jumapili ilikuwa siku yake moja nzima. Na kati ya miji hiyo miwili, kama kilomita 25 kutoka kila upande, kuna milima ambayo mtu aliweza kuifikia kwa treni ya asubuhi na kurudi jioni. Mmoja wa milima hiyo unaitwa Kinder Scout.

Msidhani ni mlima kama Rwenzori. Kilele cha Kinder Scout ni mita 636 tu juu ya bahari, yaani hata Kampala, yenye karibu mita 1,200, iko juu kuliko mlima huo. Juu yake si ncha bali ni uwanda mpana wa udongo mweusi, laini, uliojaa maji, uliochimbwa na mvua kuwa mifereji yenye kina kumzidi mtu. Ukiingia katika mifereji hiyo huoni mbele wala nyuma. Ukungu ukishuka, hata mwenyeji hupotea. Pembeni kuna maporomoko ya maji, na upepo wa magharibi ukivuma kwa nguvu huyarudisha maji juu kama moshi. Na baridi ikizidi, maporomoko yote huganda yakawa ukuta wa barafu. Kwa hiyo ni mlima mfupi wenye hasira nyingi.

Basi mlima huo, kwa karne nyingi, watu wa vijiji walichunga na kupita. Kisha, katika karne ya 18 na ya 19, Bunge la Uingereza, lililojaa wenye mashamba, lilipitisha sheria moja baada ya nyingine za kuizungushia ardhi ya jumuiya ua na kuigawa kwa wachache. Sehemu kubwa ya Kinder ikawa mali ya kabaila mmoja, Duke wa Devonshire. Kabaila huyo hakulima kule juu. Alifuga ndege wa porini wa jamii ya kwale, ili yeye na wageni wake waje na bunduki kuanzia Agosti 12 mpaka Desemba 10, ndiyo majira ya kisheria ya kuwapiga ndege hao. Siku zilizobaki mlima ulilala mtupu, ukilindwa na walinzi wenye fimbo na mbwa, wasije watu wakawashtua ndege.

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Si kwamba mfanyakazi alitaka kumnyang'anya mtu chakula. Alitaka kupita juu ya ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka haikuwa na mtu, naye akaambiwa kuwa ndege wana haki ya utulivu kuliko yeye.

Wafanyakazi walijipanga mapema. Mwaka 1896, karibu na mji wa viwanda wa Bolton, mwenye ardhi mmoja alifunga njia ya kupandia kilima kinachoitwa Winter Hill. Mwezi wa Septemba maelfu ya watu wa mji walikusanyika siku ya Jumapili, wakavunja lango na kupita. Walishtakiwa na wakashindwa mahakamani. Mwaka 1900 huko Sheffield, fundi mitambo mmoja, G. H. B. Ward, aliunda chama cha wafanyakazi cha kutembea milimani, akakiongoza kwa miaka mingi. Nataka mliangalie jambo hilo vizuri, hasa nyinyi vijana wa mafundi: chama cha matembezi kilizaliwa na fundi, wala si na mwalimu wa chuo kikuu. Na huko Hayfield, chini ya Kinder, wapenda njia walikuwa tayari wamebishana na wenye ardhi mpaka wakafunguliwa njia moja mwaka 1897. Njia moja, mlima mzima. Ukitoka nje ya njia hiyo hatua kumi, umeingia ardhi ya watu.

Sasa tufike mwaka 1932. Ulikuwa mwaka mbaya. Waingereza karibu milioni 3 walikuwa hawana kazi, na vijana wengi wa Manchester hawakuwa na kitu ila miguu yao. Kundi la vijana wa jumuiya ya michezo ya wafanyakazi lilikwenda kutembea, likafukuzwa na walinzi. Wakajiuliza: wamewafukuza kwa sababu tulikuwa wachache, je, tungekuwa mia nne? Swali hilo ndugu zangu wa chama mnalifahamu bila kufundishwa.

Katibu wao alikuwa kijana wa miaka 20 aitwaye Benny Rothman, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Rumania, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 kwenda kufanya kazi katika gereji. Ninamtaja kwa makusudi. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na wako wengi kati yetu wanaodhani kwamba mtu wa elimu ndogo hana la kusema juu ya sheria ya ardhi. Rothman alitangaza waziwazi, magazetini na kwa vikaratasi, kwamba Jumapili ya Aprili 24, 1932, wafanyakazi watapanda Kinder bila ruhusa ya mtu yeyote. Polisi wakamsubiri stesheni ya treni wamzuie. Yeye akaenda kwa baiskeli.

Watu kama 400 walikusanyika Hayfield, katika machimbo ya zamani ya mawe. Msemaji aliyepangwa hakutokea, basi Rothman akapanda juu ya jiwe akazungumza yeye. Kisha wakaanza kupanda, wakiimba. Kwenye mteremko wakakutana na walinzi wa kabaila. Palitokea kusukumana na fimbo, na mlinzi mmoja akaumia. Watu wakapita. Huko juu wakakutana na kundi lililotoka upande wa Sheffield, wakafanya mkutano, wakashangilia, wakashuka. Wala hawakufika kileleni penyewe! Wanaolipenda sana jambo hili husahau hilo, lakini mimi nalipenda zaidi kwa sababu hiyo. Hawakutafuta ncha ya mlima wapige picha. Walitafuta kupita pale walipokatazwa kupita, na walipokwisha kupita kazi ilikuwa imekwisha.

Waliporudi Hayfield polisi walikuwa wakingoja. Vijana 6 walikamatwa. Na hapa tazameni werevu wa sheria. Kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa, kwa sheria ya Uingereza ya siku zile, halikuwa kosa la jinai. Mwenye ardhi aliweza kukudai mahakamani kama anavyodaiwa mtu deni, lakini hukuweza kufungwa kwa kupita tu. Basi hawakushtakiwa kwa kupita. Walishtakiwa kwa kukusanyika kwa fujo na mengineyo ya namna hiyo. Kesi ilisikilizwa mjini Derby mwezi wa Julai, mbele ya waamuzi ambao wengi wao walikuwa maofisa wa jeshi na wenye mashamba. Vijana 5 walifungwa, kati ya miezi 2 na miezi 6. Rothman alipata miezi 4. Wenzangu mliowahi kugoma mnaijua hila hiyo: hushtakiwi kwa kudai haki yako, unashtakiwa kwa kelele uliyopiga ukidai.

Jela ile iliwageuza watu. Wengi waliokuwa wakisema vijana ni wakorofi waliona kuwa miezi 6 kwa ajili ya kutembea ni aibu ya taifa. Baada ya wiki chache maelfu walikusanyika katika bonde jirani kudai mlima. Lakini nisiwadanganye, maana katika vyama vyetu tunapenda hadithi inayokwenda moja kwa moja kutoka maandamano hadi ushindi. Haikuwa hivyo. Vyama vikubwa vya watembeaji vilimlaumu Rothman. Vilisema vilikuwa vikizungumza polepole na serikali na wenye ardhi, na kwamba fujo imerudisha nyuma mambo. Walikuwa na hoja. Njia ya 1897 ilipatikana kwa mazungumzo, barua na ramani, haikupatikana kwa kuimba. Kwa maoni yangu wazungumzaji bila wapandaji wangezungumza mpaka leo, na wapandaji bila wazungumzaji wangefungwa kila mwaka pasiwe na karatasi ya kutia sahihi. Kila upande ulijiona peke yake ndio wenye akili.

Sheria ilikuja mwaka 1949, chini ya serikali ya chama cha Labour, miaka 17 baada ya Kinder. Mwaka 1951 milima hiyo ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Mwaka 1965, Aprili 24 ile ile, ikafunguliwa njia ndefu ya miguu inayofuata uti wa mgongo wa nchi hiyo kuelekea kaskazini mpaka Scotland. Mwaka 1982 Kinder yenyewe ikanunuliwa na shirika la kuhifadhi mali za urithi. Mwaka 2000 Bunge likapitisha sheria ya kumruhusu kila mtu kutembea nje ya njia katika milima na nyika zilizoandikwa kwenye ramani, na mwaka 2003 Scotland ikaenda mbele zaidi, ikatoa haki ya kupita karibu ardhi yote kwa mtu anayejiheshimu. Mwaka 2002, mjukuu wa yule kabaila, Duke wa wakati huo, alikwenda Hayfield akasema hadharani kwamba babu yake alikosea. Rothman alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Maisha yake yote alikuwa mfanyakazi wa mitambo na mwakilishi wa wenzake katika chama.

Nimeyapita haya haraka kwa sababu sheria ni rahisi kusimulia. Neno nililotaka kusema linaanzia hapa.

Haki hiyo huandikwa wakati wa joto na kupimwa wakati wa baridi. Chukueni mwezi wa Desemba kule Kinder. Jua huchomoza saa mbili na dakika kadhaa asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Kuna mwanga wa saa saba na nusu hivi. Mtu anayemiliki gari na kupumzika siku anayotaka hungoja siku ya anga safi, hufika alfajiri, hupanda, hushuka, hunywa chai. Mtu mwenye Jumapili moja hachagui. Jumapili yake ikiwa ya ukungu, ni ya ukungu. Akitegemea basi, hufika mwanga umekwisha kuliwa, na hushuka akikimbilia basi la mwisho. Ile reli ya Hayfield waliyopanda vijana wa 1932 ilifungwa mwaka 1970. Fikirini hilo: mlima umefunguliwa na treni imefungwa. Upande wa Edale treni bado ipo, lakini wa upande ule mwingine lazima atafute namna nyingine.

Tena kuna mavazi. Katika baridi ile theluji siyo adui mkubwa. Ikiganda vizuri, lile tope jeusi huwa gumu kama sakafu na mtu hutembea kwa urahisi kuliko Julai. Adui ni maji na upepo kwa pamoja, joto likiwa juu kidogo tu ya kuganda. Mwezi wa Machi 1964 vijana wa skauti waliingia katika mashindano ya kutembea katika milima hiyo hiyo. Mvua na upepo vikawakuta njiani. Vijana 3, wenye nguvu zao, walikufa kwa baridi. Kutokana na msiba huo vikosi vya kuokoa watu milimani katika eneo lile vilijipanga upya chini ya umoja mmoja. Vikosi hivyo mpaka leo ni watu wa kujitolea: fundi, muuguzi, dereva, mwalimu, wanaoacha chakula mezani usiku na kwenda kumtafuta mtu wasiyemjua. Hawalipwi. Anayepotea hupuliza filimbi mara 6 kwa dakika moja, hunyamaza dakika moja, kisha hurudia, mpaka asikiwe.

Nieleze pia jinsi baridi inavyoua, kwa sababu inatuhusu zaidi kuliko mnavyodhani. Joto la mwili wa mtu mzima ni kama digrii 37. Nguo zikiloa na upepo ukavuma, mwili hupoteza joto haraka kuliko unavyolitengeneza. Mtu hutetemeka. Likishuka chini ya digrii 35, mikono hukosa utii, hawezi kufunga kifungo. Hujikwaa, husema maneno yasiyo na mpango, hukasirika akiambiwa apumzike. Kisha kutetemeka hukoma, na mwenzake mjinga husema afadhali, amepata nafuu. La. Hapo ndipo anapokufa. Dawa ni kumkinga na upepo, kumvua nguo zilizoloa, kumvika kavu, kumfunika, kumpa kitu kitamu kama anaweza kumeza. Asipewe pombe hata kidogo.

Sasa wachumaji wa chai mnaonisoma, mnajua ninakoelekea. Mashamba yetu ya chini ya Rwenzori, na ya majirani zetu Rwanda na Burundi kwenye milima, hayana theluji. Lakini yana asubuhi za mvua na upepo, na mama anasimama katika chai inayofika kiunoni, majani yamelowa, gauni limelowa, toka saa moja mpaka adhuhuri. Yale yale maji na ule ule upepo. Nilipata kuwa katika ujumbe uliokwenda kwa meneja wa shamba moja kudai makoti ya mvua. Tulijibiwa kwamba hii ni Afrika, hakuna baridi. Meneja huyo alikuwa amevaa sweta. Makoti tuliyapata baada ya miezi 14, tena nusu ya idadi, na wanyapara wakavikwa kwanza. Kwa hiyo nikisoma juu ya mtu wa Manchester anayehesabu fedha anunue koti la mlimani, sisomi habari ya mchezo. Sheria iliyomfungulia lango haikumpa koti, wala Jumapili ya pili, wala treni. Hivyo vilidaiwa na vyama vya wafanyakazi, na visipodaiwa kila mwaka huondoka vyenyewe.

Najua wapo watakaosema: ndugu, nani mwenye nguvu ya kutembea Jumapili baada ya siku sita za kuchuma au kukata miwa? Na akina mama watasema zaidi, kwamba Jumapili yao ni kufua, kuni na maji. Wanasema kweli. Lakini anayesema amechoka mno hata kutembea ametoa ushahidi juu ya saa za kazi, hajatoa ushahidi dhidi ya njia. Na huyo mama anayekwenda kuni anakwenda kwa njia gani?

Hapo ndipo mlima wa Uingereza unapoingia nyumbani kwetu. Katika shamba moja ninalolifahamu palikuwa na njia ya miguu iliyokata katikati ya chai kutoka makambi ya wafanyakazi mpaka kijiji cha juu, penye soko, zahanati na kanisa. Wazee waliipita kabla ya chai kupandwa. Mwaka mmoja likawekwa lango na askari, kwa sababu, kampuni ilisema, ya wizi wa majani. Mwendo wa nusu saa ukawa mwendo wa saa mbili kwa kuzunguka barabarani. Mwanamke mwenye uchungu wa uzazi alizungushwa barabara hiyo usiku, akajifungulia njiani, katika mvua. Mtoto alipona. Mambo ya namna hiyo yakiletwa kwenye tawi huambiwa si ya chama, ni ya serikali ya kijiji, na serikali ya kijiji husema ni ya kampuni.

Hata mlima wenyewe kwetu una swali lake. Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu 1991, na ni vizuri ihifadhiwe, maana barafu yake inakwisha na misitu ndiyo inayotupa maji. Lakini kijana wa Kasese hupanda huko akiwa na mzigo wa mgeni mgongoni, na huko juu, penye theluji, mara nyingi yeye ndiye mwenye kiatu kibovu kuliko wote katika msafara. Baridi haiulizi ni nani aliyelipa ada ya kuingia. Wachukuzi hao nao ni wafanyakazi, na mavazi yao ni suala la kazi kama makoti ya wachuma chai.

Kuna jambo moja la Waingereza ambalo tunaweza kuliiga bila gharama. Mwaka ule ule wa 1932, bila kelele nyingi, Bunge lao lilipitisha sheria kwamba watu wakithibitisha kuwa wameipita njia waziwazi miaka 20 bila kuzuiwa wala kuomba ruhusa, njia hiyo huhesabiwa kuwa ya umma. Kanuni hiyo bado inatumika kwao. Sisemi sheria ya nchi zetu iko hivyo. Kila nchi ina yake, na wanasheria wa chama wataulizwa. Ninachosema ni jinsi walivyoithibitisha: waliwatafuta wazee, wakawauliza tangu lini, nani alipita, alikuwa amebeba nini, nani alimzuia. Wakaandika.

Basi ninapendekeza kila tawi, kabla ya mkutano ujao wa wawakilishi, lichukue daftari moja. Liandike kila njia ya miguu inayopita katika shamba au nyuma ya kiwanda: inatoka wapi, inakwenda wapi, mwendo wa dakika ngapi kwa mguu, na wa dakika ngapi kwa kuzunguka kama imefungwa. Liandike jina la njia kama lina jina. Waulizwe wastaafu kwanza, maana wanaondoka na kumbukumbu zao. Waulizwe akina mama kabla ya wanaume. Wao ndio wanaozijua njia za maji na kuni, na wao ndio wa kwanza kukutana na lango jipya. Ikiwa njia ilifungwa, iandikwe mwaka na sababu iliyotolewa, na kama kuna barua ya kampuni, inakiliwe. Ukurasa wa mwisho wa daftari liandikwe jambo la pili: ni wafanyakazi wangapi wanaofanya kazi kwenye mvua, na ni wangapi wenye koti. Madaftari yaletwe kwa katibu wa wilaya, na nakala ibaki kwenye tawi.